Risasi Tatu za Nyongeza

Mwalimu wa kwaya hakununua kitambaa bila kukisikiliza. Pale Zhongda, soko la vitambaa la Guangzhou, kwenye vibanda vilivyobanana hadi huwezi kupishana na mtu mwenye furushi, sisi wengine tulishika, tukavuta, tukachoma uzi kwa kiberiti na kunusa moshi wake. Yeye alikunja pembe ya kitambaa, akaisogeza sikioni na kuifikicha kwa vidole viwili huku amefumba macho. Wachina waliitana waje wamwone. Akimaliza alitoa hukumu: "Hiki kina kelele. Waimbaji hamsini wakisimama wamevaa hiki, kabla hawajafungua vinywa tayari kuna fujo kanisani." Na kitambaa kilirudi kwenye rafu.

Nilimfahamu kwa miaka minne, mwishoni mwa ile miaka ya tisini, wakati sisi wasema Kiswahili wa Guangzhou tungeweza kukaa wote kwenye meza mbili za mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu na bado ikabaki nafasi ya mabegi. Mimi nilichukua viatu soko la Liuhua kupeleka Morogoro. Yeye alitoka Iringa, akinunua vitambaa vya majoho, vinanda vya umeme na spika, na kuviuza kwa makanisa ya nyanda za juu. Jina analo, na watu wa kwao wanalijua. Kwetu alikuwa Mwalimu basi, na Papa Blaise, Mkongomani wa Bukavu aliyechangia naye chumba cha hoteli, alimwita Maître, ndilo hilohilo kwa Kifaransa.

Katika duka la vinanda alikuwa na kigoda chake. Mwenye duka, laoban mmoja mnene aliyependa kucheka, aligundua kwamba Mwalimu anaweza kubonyeza kibao kimoja kimoja na kumwonyesha kwa kidole kinanda kipi kina ugonjwa na ugonjwa uko wapi. Akawa anamsubiri. Mwalimu akiingia tu, feni zinazimwa, wasaidizi wananyamazishwa, na vinanda vinapangwa mbele yake kama wagonjwa wa zahanati. Malipo yake yalikuwa kuchagua vizuri vyote kabla ya wateja wengine. "Mama Neema," aliniambia, "mtaji wangu ni haya masikio. Tena hayalipiwi ushuru." Kwao Iringa alikuwa ameongoza kwaya moja kwa miaka ishirini, na nasikia mtu wa sauti ya tatu akikosea mstari wa nyuma, Mwalimu hakugeuka. Aliinua tu kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na mkosaji alijijua.

Kwa hiyo alichukia kelele kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Jirani wa hotelini akifungua televisheni kwa sauti, Mwalimu alivaa koti kabisa, akaenda kugonga, akainama kidogo na kuonyesha kwa ishara ya vidole kwamba ipunguzwe. Pikipiki za Liuhua zilimtesa. Mkahawani alitafuta meza ya mbali na jikoni, na Papa Blaise akicheka kwa kile kicheko chake cha kupasua, Mwalimu alimwekea mkono begani mpaka kiishe.

Jumapili tulisali chumbani kwao, watu wanane au tisa, wengine kitandani, wengine juu ya mabunda ya mizigo. Alitugawa sauti nne hata siku tulipokuwa watano. Mimi alinisikiliza, akakuna kidevu. "Sauti yako ni ya kuuza viatu," alisema, "lakini tutaitafutia mahali." Aliniweka sauti ya pili, nyuma ya mke wa mfanyabiashara mmoja wa Mbeya, ili nimfuate. Mwaka ule nilipougua malaria niliyotoka nayo nyumbani, aliketi mlangoni kwangu siku tatu na kupika uji kwenye lile sufuria la umeme la wali, akiimba chinichini kwa sauti ya kumlaza mtoto. Mlango aliuacha wazi ili watu wasije wakasema.

Nikisema alikuwa mpole nitakuwa nimesema nusu, maana kwenye bei hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa na msemo wake: "Bei ya kwanza ni hodi tu. Nani anaingia ndani kwa hodi?" Na bei ikishapatikana, bado alidai nyongeza, kama sokoni kwetu ambako mama wa maharage akishakupimia hukuongezea konzi moja juu. Nyongeza aliidai kila mahali. Kinyozi wa Huanshi Zhonglu alipomaliza kumnyoa, Mwalimu alimwonyesha ndevu za Papa Blaise, akakaa kimya na kutabasamu mpaka yule kinyozi akachukua tena mkasi. Papa Blaise alinyolewa nusu kwa hiari, nusu kwa aibu. Na jambo la tatu katika sheria zake lilikuwa hili: bei mkishakubaliana, hairudi juu. Kulipa zaidi ya ulivyolipa mara ya kwanza ni kukiri kwamba mara ya kwanza ulikuwa mjinga.

Sasa mtu huyo, mwenye masikio hayo na chuki hiyo ya kelele, alipenda kupiga risasi.

Nilipomwuliza sababu, alinisimulia bila kuona haya. Ujanani alipitia mafunzo ya mgambo. Bunduki hazikutosha, kwa hiyo walichongewa za mti, na kwa miezi kadhaa aliruka mitaro, akatambaa kwenye nyasi na kulenga shabaha akiwa amekumbatia ubao. Siku ya kufunga mafunzo zililetwa bunduki za kweli, na kila mtu apige risasi moja. Foleni ilipomfikia, risasi zikawa zimekwisha. Mkufunzi akamwambia apige kwa mdomo. "Nikapiga," alisema Mwalimu. "Mbele ya mkuu wa wilaya, mbele ya mchumba wangu. Nikasema 'pwaa'. Uwanja mzima ukacheka." Alikuwa ameshapita miaka hamsini alipokuwa akinieleza hayo, na bado ilimuuma.

Chini ya jengo moja la michezo, mwendo wa miguu kutoka Liuhua, kulikuwa na ukumbi wa shabaha. Mtu yeyote mwenye pasipoti na fedha aliruhusiwa kupiga. Mwalimu ndiye aliyeliona bango lenye picha ya bastola, na akaniomba nimsindikize kwa kuwa mimi nilikuwa na Kichina cha sokoni, na yeye hakuwa nacho hata hicho. Tuliteremka ngazi. Pasipoti ikabaki kaunta. Tukatia sahihi karatasi iliyojaa Kichina, ambayo mpaka leo sijui ilisema nini. Nyuma ya kioo kulikuwa na vichochoro virefu vya saruji, na kila bastola ilikuwa imefungwa mnyororo mezani isiweze kugeuzwa nyuma. Mkufunzi alisimama pale na vifuniko vikubwa vya masikio shingoni. Niliona mnyororo ule nikafarijika. Nilidhani hatari yote ya mahali pale iko upande ule mtutu unakoelekea.

Ubao wa bei ulionyesha fungu moja: risasi kumi, karatasi ya shabaha ya kwenda nayo nyumbani, na kukodi vifuniko vya masikio. Mwalimu aliutazama kama alivyotazama kila bei.

"Mwulize mwisho ngapi."

Niliuliza. Mama wa kaunta akagonga ubao kwa kucha. Bei haishuki.

"Mwambie mimi ni mteja wa kudumu. Nitakuja kila safari."

Nikamwambia. Akagonga tena, mara hii bila hata kututazama.

Mwalimu akafikiri. "Haya, mwambie hivi. Hiyo karatasi aiondoe, mimi nitaipeleka wapi? Na hivyo vya masikio aviondoe. Tutoe vyote viwili, aniongezee risasi."

Nilijua maneno mawili ya kutosha kabisa kwa kazi hiyo. *Bu yao*, sitaki. Nikaigusa karatasi nikasema *bu yao*. Nikavigusa vifuniko vya masikio, vilivyokuwa vimewekwa mbele yetu tayari, nikasema *bu yao*, kisha nikanyoosha vidole vitano kuomba risasi. Mama yule akamtazama mkufunzi. Mkufunzi akainua mabega. Mama akavirudisha vifuniko chini ya kaunta, akahesabu risasi tatu na kuzisukuma mbele.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba muuzaji akikubali upesi, rudisha mkono mfukoni na utazame tena. Nililikumbuka somo hilo palepale. Sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa najivunia. Nilikuwa nimepata risasi tatu kwenye duka ambalo halipunguzi bei, tena kwa Kichina changu cha kuokoteza.

Nilikaa nyuma ya kioo na bado niliziba masikio kwa viganja. Alipiga zote kumi na tatu. Alitoka jasho likimtiririka, macho yameng'aa, akaanza kunieleza kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Sasa hata mkuu wa wilaya aje!" Kule ngazini akapiga mluzi wa furaha. Sijawahi kumwona akiwa na furaha vile, na siwezi kujifanya kwamba sikufurahi naye.

Alitimiza neno lake la mteja wa kudumu. Kila safari, mara mbili au tatu kabla ya kuondoka, alishuka zile ngazi. Mama wa kaunta alimzoea, akawa hangoji hata mkalimani. Akimwona tu, karatasi na vifuniko vinaingia chini, risasi kumi na tatu zinakuja juu. Mwalimu aliona hiyo ni heshima ya mteja wa zamani. Papa Blaise alikwenda naye mara moja, akalipa fungu zima bila kubisha, akavaa vifuniko vyake, na aliporudi mkahawani alikuwa amekasirika.

"Maître, wewe iko unacheza. Sikio haina pièce de rechange, haina spea!"

"Blaise, wewe ulilipia kitambaa na sponji. Mimi nililipia risasi."

"Ule mwalimu wao mwenyewe anavaa! Anafanya kazi mule kila siku na anavaa!"

"Kwa sababu yuko kila siku," alisema Mwalimu. "Mimi napita tu."

Tulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba mimi nilicheka kuliko wote.

Dalili ya kwanza ilikuwa mbu. Alasiri moja niliwakuta chumbani kwao, Mwalimu amesimama juu ya kitanda na kandambili mkononi, anamsaka mbu aliyesema anamlilia sikioni. Alikuwa amemsaka tangu asubuhi. Alikuwa ameshuka mapokezi akaomba wapulizie dawa, wakapulizia, na mbu bado yuko. Papa Blaise alikuwa amekaa kwenye bunda la mizigo. Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu. Chumba kile hakikuwa na mbu.

Dalili ya pili tuliificha sisi wenyewe. Jumapili moja alitupa sauti ya kuanzia, kama kawaida, kwa kuvumisha "mmm" na kuinua mkono. Ilikuwa juu mno. Yule mke wa mfanyabiashara wa Mbeya, mwenye sikio zuri, alinitupia jicho. Nani amwambie mzee wa kwaya kwamba amekosea sauti? Tulimfuata. Tuliimba beti zote tukiwa tumekabwa na koo, na kila alipotoka nje ya wimbo tulitoka naye, ili asibaki peke yake. Tulidhani ndiyo adabu. Kwa miezi, kila Jumapili, watu wanane wazima tuliimba vibaya kwa makusudi, na yeye akatuambia tumeendelea vizuri.

Papa Blaise ndiye aliyevunja. "Maître," alisema siku moja baada ya sala, kwa upole ambao sikuwa nimeuzoea kwake, "bote banakufuata, lakini wimbo iko inaanguka. Si bao. Ni weye." Mwalimu alifunga kitabu chake cha nyimbo. Hakuja sala Jumapili mbili, ingawa sala ilikuwa chumbani kwake mwenyewe. Alikwenda kutembea.

Kisha biashara nayo ikafuata. Alinunua mabunda ya kitambaa kwa kukisikiliza, kama siku zote, na kwaya moja ya Njombe ikamrudishia majoho yote, kwamba yanachakarika wakati wa maombi. Katika duka la vinanda alichagua vitano, na laoban mnene, ambaye hakucheka siku hiyo, akabadilisha vitatu kimyakimya wakati Mwalimu anafunga begi. Safari iliyofuata kigoda kilikuwepo, lakini feni hazikuzimwa.

Nikampeleka hospitali. Walimfungia kwenye kijichumba, wakampigia filimbi za mashine, akawa anatakiwa kuinua mkono kila akisikia. Mimi nilikuwa nje na nilizisikia nyingine mpaka pale nilipokaa. Mkono wake ulilala mapajani. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, akatuchorea mstari unaoshuka, akasema *mei you banfa*, hakuna la kufanya. Mwalimu alilijua neno *mei you*, kila mfanyabiashara analijua. Ndilo unaloambiwa ukiuliza saizi ambayo haipo dukani, na hakuna wa kukuambia uje kesho. Alimshukuru daktari, akavaa koti. Nje, kwenye joto, aliniuliza nimeshakula.

Nilidhani huo ndio mwisho wa bastola. Keshokutwa yake akanipitia, twende. Nikakataa, nikamsema, akasubiri nimalize, akatangulia. Nikamfuata kwa hofu. Pale kaunta niliwahi mimi, nikaweka fedha za fungu zima kwa mfuko wangu, nikamwambia yule mama kwa Kichina changu chote atoe vifuniko. Akavitoa. Nilimvisha kichwani kwa mikono yangu, mbele za watu, kama mtoto anayevishwa sweta. Mwalimu akavivua, akaviweka juu ya kaunta, akavisogeza kwa kidole mpaka vikamfikia yule mama.

"Mama Neema, bei tulishakubaliana."

"Mwalimu, nakuomba. Kilichobaki hicho angalau."

Alinitazama mdomoni, kama alivyokwisha kuanza kututazama wote. "Humu ndani," akasema, "ndipo mahali pekee ninaposikia kila kitu. Kule nje mnasema vipande." Akaenda kwenye kichochoro chake. Sikuziba masikio siku ile. Nilitaka nijue anachokipata mle, na nilichokipata mimi kilikuwa maumivu matupu, na mlio uliokaa na mimi hadi jioni. Wa kwangu ukaisha.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Liuhua, mbele ya stesheni, mahali mabasi ya kwenda mpakani yanapopakia. Nilikuwa na mabunda yangu ya viatu, nikamwona kwa mbali amesimama karibu na begi moja tu. Mfanyabiashara anayeondoka Guangzhou na begi moja harudi, huhitaji kuuliza. Nilimfikia, nikashika mkono wake wa kulia kwa mikono yangu miwili, nikasema shikamoo. Aliitikia marahaba kabla sijamaliza, kwa kuwa alijua lazima nitasema hilo.

Akanipa habari zake mwenyewe, kwa ile sauti kubwa isiyojijua, na watu wakageuka. Kwaya ina mwalimu mpya, kijana aliyefundishwa na yeye mwenyewe. Yeye wamempa cheo cha mlezi wa kwaya. "Wamenitafutia na kiti," alisema. "Mbele kabisa." Sisi wa makanisani tunajua mlezi ni nini. Ni mtu anayetajwa siku ya harambee na kupewa soda, na hakuna anayemwuliza wimbo uanzie wapi. Alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Ndipo nikaanza kusema. Makonda walikuwa wanapiga kelele, vipaza sauti vya stesheni vinalia, na nadhani nilipata ujasiri kwa sababu hiyo. Nikamwambia kwamba ni mimi. Yeye aliomba, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nikamwambia kwamba yule mama alikubali upesi na niliona, na somo lake nililikumbuka, nikanyamaza kwa kuwa nilitaka anisifu. Nikamwambia kwamba Jumapili zile tulikuwa tunajua. Nikamwomba msamaha mara tatu au nne, machozi yananitoka kati ya mabunda ya viatu, na yeye alinitazama mdomoni kwa subira yote, kama mtu anayesoma barua iliyolowa mvua.

Nilipomaliza akatikisa kichwa. Hakuwa amepata kitu. Akaingiza mkono katika koti, akatoa daftari dogo na kalamu, akanifungulia ukurasa mweupe.

"Andika, mwanangu. Siku hizi wananiandikia."

Nilishika kalamu. Basi lilikuwa limewashwa. Niliuangalia ule ukurasa, nikaona kwamba nikiyaandika yale niliyosema atakwenda nayo Iringa, atakuwa nayo kanisani kwenye kile kiti cha mbele, na atayasoma kila atakapo, maana kusoma ndiko alikobakiwa nako. Nikaandika: *Safari njema, Mwalimu. Wasalimie nyumbani.* Nikamrudishia.

Akasoma. Akanitazama usoni, kwenye machozi, kisha akatazama tena daftari.

"Ulisema maneno mengi kuliko haya," alisema.

Akanyoosha tena kalamu kuelekea kwangu na kusubiri. Konda akamgusa bega, akamwonyesha mlango, na mimi nikainama kuchukua begi lake ili nimpandishie.